Mashine Haina Tatizo

Wapendwa, fungeni Biblia zenu kidogo, tutazifungua tena. Nataka kwanza niwasimulie habari ya mwanamke mmoja.

Mwanamke huyu alisimamia kituo cha kuchajia magari ya umeme, katika mji mdogo ulio kando ya barabara kuu, kule ambako abiria hushuka kununua vitunguu na mafuta ya alizeti. Nitamwita Eliwaza, ili tusipotezane njiani.

Najua wengine humu hamjawahi kupanda gari la umeme, na mama zangu wa benchi la mbele mmeshaanza kunitazama kwa mashaka. Mambo yenyewe ni mepesi. Gari la namna hiyo halinywi mafuta, linachajiwa kama simu. Ukilichaji kwa umeme wa kawaida wa nyumbani, linaweza kukaa hapo kutwa nzima. Lakini ziko mashine za chaji ya haraka, zimesimama kando ya barabara kama makabati, na kwenye mashine hizo ukikaa saa moja unaondoka na chaji ya safari ndefu. Shida ni midomo. Si mnajua nyumbani kwetu, watu sita na chaja saba, na bado unaambiwa hii haiingii kwenye simu yangu? Magari nayo ni hivyo hivyo. La nchi hii lina mdomo huu, la nchi ile lina mdomo mwingine. Ndipo mwenye gari ananunua adapta. Ni kitu kizito kama pasi. Upande mmoja unashikana na plagi ya mashine, upande wa pili unaingia kwenye gari, na umeme wote unapita hapo katikati. Pakiwa pamelegea mahali popote hapo, panapata moto.

Basi hiyo ndiyo kazi ya Eliwaza. Alikuwa ameuza petroli kwenye kituo hicho hicho miaka kumi na miwili, na tajiri wake alipoleta ile mashine ya umeme, alimpeleka yeye kwenye mafunzo. Wiki nzima. Akarudi na cheti, kikatundikwa ofisini kwenye fremu ya kioo. Alikuwa mtu wa kazi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ameshafika, amefagia, amefuta vumbi kwenye mashine, amevaa koti lake la kijani. Hakuwa mvivu wala mlaghai, na naomba mlishike hilo, kwa sababu habari hii haimhusu mtu mbaya.

Mwezi wa pili tangu mashine ianze kazi, alikuja kijana na gari lake na adapta aliyoinunua kusikojulikana. Wakaunganisha. Haikupita robo saa Eliwaza akanusa harufu ya plastiki inayoungua. Akakimbia, akakata umeme kwenye swichi kubwa, akaichomoa ile adapta kwa kitambaa. Upande mmoja ulikuwa umeyeyuka kama mshumaa. Gari lilipona, kituo kikapona, na ikumbukwe kwamba hatua ishirini kutoka hapo kulikuwa na matangi ya petroli. Tajiri alipiga simu mwenyewe kumshukuru. Watu wa sokoni wakamjua. Akipita wanasema, huyo ndiye aliyezuia moto.

Tangu siku hiyo Eliwaza akawa mkali wa adapta. Ukifika na yako, anaichukua mkononi, anaigeuza, anaimulika ndani kwa tochi ndogo aliyokuwa akitembea nayo mfukoni, anainusa. Ikimridhisha, anaunganisha. Na kila baada ya dakika chache anaishika kwa kiganja kusikia joto lake, kama mama anavyomshika mtoto paji la uso.

Ikawa sasa, mara moja moja, mashine inasimama yenyewe katikati ya kazi. Kioo chake kinaandika kwamba joto limezidi kwenye maungio. Eliwaza akiona hivyo anamgeukia mwenye gari na kumwambia adapta yako ni mbovu, sitaiunganisha tena hapa. Wengine walibisha, wengine walishukuru. Wengine waliziacha adapta zao pale pale mezani, wakaenda kutafuta nyingine. Zikafika tatu juu ya meza ya ofisi, ukiacha ile iliyoyeyuka, ambayo nayo ilikuwa hapo.

Lakini kulikuwa pia na magari mawili ya ofisi moja ya pale mjini. Hayo midomo yake iliingia kwenye mashine moja kwa moja, hayakuhitaji adapta. Nayo wakati mwingine yalikatikiwa chaji vilevile, kwa maandishi yale yale kwenye kioo. Madereva wake walikuwa majirani zake, wanamwita dada. Wao Eliwaza aliwaambia nini? Aliwaambia umeme wa leo unasumbua, tusubiri kidogo. Wakakaa, wakanywa chai, mashine ikapoa, wakaendelea.

Hakuwa akidanganya, wapendwa. Alikuwa anaamini kabisa. Mgeni akikatikiwa, ni adapta yake. Jirani akikatikiwa, ni umeme. Na sisi tunaosikiliza hapa, hatujamwelewa haraka sana?

Ijumaa moja, saa tatu na nusu asubuhi, aliingia mzee mmoja na gari dogo. Alijitambulisha kuwa ni mwalimu mstaafu, na gari lile watoto wake walimnunulia alipoacha kazi. Alikuwa ametoka kwake alfajiri, na chaji ilibaki asilimia kumi na saba. Alisema anakwenda hospitali ya rufaa, kilomita mia na hamsini mbele, kaka yake amelazwa huko. Saa tisa alasiri kaka yake anaingizwa chumba cha upasuaji, na ameagiza kwamba anataka kumwona kabla. Mwalimu alisema hayo yote akiwa bado hajashuka, mkono mmoja kwenye usukani.

Eliwaza akapiga hesabu. Akichaji saa moja, aondoke saa nne na nusu, mpaka saa saba mchana atakuwa amefika. Akamwambia asiwe na wasiwasi. Akaichukua adapta yake, akaimulika, akainusa. Ilikuwa safi, hata alama za kiwandani hazijafutika. Akaunganisha.

Dakika ya saba mashine ikasimama.

Eliwaza aliishika ile adapta, akaona ni ya moto kweli, upande ule unaoshikana na plagi ya mashine. Akaichomoa. Akamweleza mwalimu kwa adabu kwamba adapta yake haifai, na kwamba kwa usalama wake na wa kituo hawezi kuiunganisha tena. Mwalimu aliomba wajaribu mara moja tu. Alikataa. Aliomba wasubiri ipoe kwanza, kisha wajaribu. Alikataa pia, na hapo alimsimulia habari ya yule kijana na ile plastiki iliyoyeyuka.

Mwalimu alisimama, kofia mkononi. Akasema, "Binti yangu, adapta hii nimechajia nayo jana jioni kule nilikotoka, mpaka gari likajaa, na haikupata hata uvuguvugu. Huwezi kuiangalia na mashine yako?"

Eliwaza akamjibu, "Mashine haina tatizo, Mwalimu. Imekaguliwa."

Na alisema kweli, ilikuwa imekaguliwa. Kibandiko cha ukaguzi kilikuwa pale ubavuni, kina tarehe na sahihi. Ila tarehe yenyewe ilikuwa ya kabla ya ule moto.

Tochi ilikuwa mfukoni mwake. Plagi ya mashine ilikuwa mbele yake, inaning'inia. Ingemchukua muda gani kuinama na kuimulika ndani? Hakuinama. Haikumjia hata wazo hilo.

Alimsaidia kwa namna aliyoijua. Alilisogeza gari kwenye umeme wa kawaida nyuma ya ofisi, akamwambia hapo litahitaji mpaka jioni. Akamshauri aliache, apande basi. Mabasi ya asubuhi yalikuwa yameshapita. Mawili ya mchana yalipita yamejaa, hayakusimama. Eliwaza mwenyewe alisimama barabarani kwenye jua akipunga mkono kwa ajili yake, hilo nalo tuliseme kwa haki. Saa saba mwalimu akapata lori la vitunguu. Lori lina mzigo, lina vilima, lina foleni ya mizani. Alifika hospitali saa kumi na moja jioni. Kaka yake alikuwa ameshaingizwa. Hakutoka akiwa hai.

Eliwaza aliyajua hayo siku ya sita, mwalimu aliporudi kuchukua gari lake baada ya mazishi. Alimpa pole. Mwalimu aliipokea kwa kichwa tu, bila kumtazama. Alipoonyeshwa adapta yake akasema ibaki hapo, asije akaitumia tena akaunguza gari la watoto. Akaondoka. Meza ikawa na adapta tano.

Baada ya wiki mbili akaja fundi wa kampuni iliyoleta ile mashine, kwa ukaguzi wake wa kawaida. Eliwaza alimkaribisha ofisini, na kwa kuwa alijivunia kazi yake, akamwonyesha zile adapta na kumweleza zilivyopatikana. Fundi akazitazama. Akatoa kipimo kwenye mkoba wake, akazipima moja moja, bila haraka. Ile iliyoyeyuka akaiweka pembeni. Zile nne zilizobaki akazipima mara ya pili. Kisha akamwomba tochi.

Alitoka nje, akaishika plagi ya mashine, akainama, akaimulika ndani. Akakaa hivyo kidogo. Akamwita Eliwaza aje aone. Ndani ya plagi kuna vishikio vya shaba vinavyobana ili umeme upite bila kuruka. Kimoja kilikuwa kimeungua na kuwa cheusi, kimelegea, kinacheza ukikigusa kwa kijiti. Fundi alimweleza kwamba moto wa ile adapta ya kwanza uliacha jeraha humu ndani. Siku ile ile aliyookoa kituo, plagi yake iliungua. Tangu hapo, chochote kilichoingizwa hapo kilipata joto, kiwe kizuri, kiwe kibaya.

Akamuuliza kama kuna magari yasiyotumia adapta ambayo nayo yalikatikiwa. Eliwaza akasema yapo, ya ofisi fulani, lakini hayo ilikuwa ni umeme.

Fundi akamuuliza, "Nani alikwambia ni umeme?"

Eliwaza akagundua kwamba hakuna aliyemwambia.

Fundi alikuwa mtu wa huruma. Alibadilisha plagi pale pale, akafunga mkoba, akamwambia asijisumbue, vitu hivi huchakaa, ataandika kwenye ripoti kwamba imechakaa, basi. Tajiri naye alipopigiwa simu alisema hivyo hivyo. Mashine imepona, hakuna aliyelalamika, kwa nini kuamsha mambo. Wapendwa, mmeona mlango ulivyofunguliwa? Watu wawili waliokuwa na mamlaka juu yake walimwambia nyamaza, na walimwambia kwa upole. Hakuna hata mtu mmoja ambaye angemkaripia. Kesho yake angefika saa kumi na mbili na nusu, akafagia, akafuta vumbi, akavaa koti la kijani, na mji ungeendelea kumwita aliyezuia moto.

Siku tatu Eliwaza alijaribu kuishi hivyo. Akiunganisha gari la mtu, anaimulika plagi mara mbili. Aliwatafuta kwa simu wale wengine watatu, akawaambia ukweli. Mmoja alicheka, akasema alishanunua nyingine zamani. Mmoja alimtukana. Wa tatu hakupokea. Lakini alijua kwamba hao alikuwa anawapitia tu kwa sababu ni wepesi.

Namba ya mwalimu alikuwa nayo, aliiandika siku ile gari lilipobaki uani. Akampigia, akasema tu kwamba anataka kumletea adapta yake, aelekezwe nyumbani. Akaomba ruhusa ya siku mbili, akaifunga ile adapta kwenye khanga, akasafiri.

Alipokelewa na mke wa mwalimu. Akakaribishwa sebuleni, akapewa maji. Mwalimu akaja, akaketi, akamuuliza za safari kama mtu anayemsalimu mgeni yeyote. Eliwaza aliifungua khanga, akaiweka adapta mezani. Kisha alisimama. Aliona hawezi kuyasema akiwa ameketi.

Akasema adapta hii ni nzima. Akasema imepimwa mara mbili mbele yake. Akasema mbovu ilikuwa plagi ya mashine, na kwamba mwalimu alimwomba aiangalie, na yeye alikuwa na tochi mfukoni, na hakuiangalia. Akasema, "Ningeinama siku ile, ningeuona ubovu kwangu, tungeita fundi wa umeme wa pale mjini akaikaza, ungemkuta kaka yako. Nimekuja kusema kwamba aliyekuzuia ni mimi."

Mke wa mwalimu alikuwa bado amesimama mlangoni na sinia. Akasema taratibu kwamba kumbe ndiye. Akamwambia kwamba msiba mzima walikuwa wakimtaja. Kila aliyekuja kutoa pole aliambiwa habari ya mwanamke wa kituo, aliyemkatalia mzee kuchaji gari, na kila aliyesikia alimlaani. Wapwa walitaka hata kwenda kumtafuta. Wanawake walimwombea mabaya jikoni, wakichambua mchele. Mama yule hakusema kwa ukali, alisema kama anayetoa taarifa.

Eliwaza akajibu kwamba walikuwa na haki.

Mwalimu akamwambia mkewe aweke sinia chini, aketi. Akamwambia Eliwaza naye aketi. Eliwaza akaketi kwenye ncha ya kiti, akingoja hukumu yake, kwa sababu ndiyo aliyoifuata kilomita zote zile.

Hapa ndipo pagumu, wapendwa. Hebu jiwekeni mahali pa yule mzee. Umemzika ndugu yako hujaagana naye. Una mtu wa kumlaumu, lakini mpaka sasa ni kwa kudhania tu, hata wewe huna hakika kama kosa ni lake. Leo mtu huyo amekuja kwa miguu yake mpaka sebuleni kwako, mbele ya mkeo, amekiri kila kitu, na ushahidi ameuweka mezani. Nani amewahi kupewa zawadi kama hiyo? Ungesema nini?

Mwalimu alianza kusema akiitazama ile adapta. Alisema kaka yake aligombana naye walipomzika baba yao, juu ya wapi azikwe, kijijini au mjini alikokuwa akiishi. Yeye mwalimu ndiye aliyetamka mbele ya watu kwamba kuanzia leo hana kaka. Tangu siku hiyo ilipita miaka kumi na moja. Kaka alipiga simu, hakupokea. Kaka alimtuma mpwa, akamrudisha. Mwaka wa tano kaka alikuja mwenyewe mpaka getini, mguu ukiwa umeshaanza kumsumbua, na yeye akamwagiza mtu akamwambie kwamba mwenye nyumba amesafiri. Alikuwa nyuma ya pazia. Alimwona akigeuka na kuondoka, anachechemea.

Alipolazwa, mwalimu alijulishwa Jumatatu kwamba upasuaji ni wa hatari na kwamba anaitwa. Jumanne alikuwa na kikao. Jumatano alisema gari halijakaguliwa. Alhamisi alisema mvua. Akaondoka Ijumaa.

"Na tangu tuzike," alisema, "kila anayeniuliza kwa nini sikuwahi, ninamtaja mwanamke wa kituo. Umenifaa sana, binti yangu. Sijui bila wewe ningesema nini."

Mkewe alitaka kuingia kati. Akamzuia kwa mkono.

"Wewe ulinichelewesha masaa manne. Hayo ni yako, sitakwambia si yako. Umeyaleta na nimekusamehe. Lakini hii miaka kumi na moja ni yangu, na mimi sina wa kumpelekea."

Eliwaza alikuwa amejiandaa kwa kila jibu, hakujiandaa kwa hilo. Alikuwa amekuja kuomba msamaha, sasa amekaa mbele ya mzee anayelia bila kujifuta, na hana la kumpa. Hakuna plagi ya kubadilisha. Hakuna namba ya kupiga. Baadaye mama akaenda jikoni, akaanza kupika, na Eliwaza akamfuata kumsaidia, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Alilala kwao usiku huo. Asubuhi mwalimu mwenyewe alimpeleka stendi, na njiani alimwambia kwamba Jumapili ataita wapwa wote nyumbani, awaambie lile la getini.

Habari yangu imeishia hapo.

Sasa niseme na sisi. Mlitegemea nitasema tuwe kama Eliwaza, tujikague kabla ya kukagua wengine, kisha niwaache mwende. Ni kweli, tujikague. Mtoto wangu akifeli, ni mwalimu hafundishi. Wa jirani akifeli, ni mzito. Mimi nikichelewa ibada, ni barabara. Wewe ukichelewa, huna hofu ya Mungu. Tunamulika sana adapta za wageni. Nakubali, hilo peke yake lingetosha kwa mahubiri ya leo.

Lakini mimi sikulala vizuri wiki hii kwa ajili ya yule mzee. Maana Eliwaza na mwalimu walikosa wote wawili. Wote wawili walijificha nyuma ya kosa la mwingine. Wote wawili, mwishowe, walisema ukweli mzima bila kupunguza. Basi tofauti yao ni nini? Ni hii moja tu: Eliwaza alisema mbele ya aliyemkosea, akasikia kwa masikio yake neno nimekusamehe. Mwalimu alisema mbele ya mgeni, kwa sababu aliyemkosea yuko kaburini. Mungu atamsikia, siwezi kusema hatamsikia. Lakini kaka yake hatamsikia.

Kwa hiyo siwaulizi leo kama mmekosa. Wote tumekosa, tusipoteze muda. Nawauliza mliyemkosea yuko wapi. Kama bado anapumua, kama bado ana simu, kama bado unajua anakaa mtaa gani, basi wewe ni tajiri kuliko yule mzee, na utajiri huo una mwisho, na siku yake huijui. Leo tayari ni Jumatatu yako. Umeshajulishwa. Utasema kuna kikao? Utasema mvua?

Wengine mtaniambia, mchungaji, na yeye alinikosea. Najua. Masaa manne ya Eliwaza hayakuwa uongo. Kosa la mwenzako lipo, libaki lipo, atalibeba yeye. Lisiwe pazia la kusimama nyuma yake ukimwangalia mtu anavyoondoka getini kwako.

Humu ndani wako watu wasiosalimiana. Tunaingia kwa milango tofauti, tunakaa pande tofauti, tunaimba wimbo mmoja. Sitawataja, kwa sababu itanibidi nianze na jina langu. Mmoja wenu hapa nilimkosea kwenye kikao cha mwaka juzi. Nilimsemea vibaya mbele ya wazee kwa jambo nililolifanya mimi, na kila nikimwona nimekuwa nikijiambia na yeye ana maneno yake.

Yupo, nimemwona akiingia. Mzee wa kanisa, tafadhali shika mimbari hii dakika chache. Nashuka kwenda kwake sasa, na ninyi, kila mmoja na aangalie aliko mtu wake.